SOMO LETU: TUHAME AU TUBAKI?
Mafundisho kwa familia zinazoulizwa shauri na watoto wao walioko Marekani



Somo hili limetokana na jambo lililotufikia. Mama mmoja wa hapa makazini alikuja kwetu baada ya ibada akiwa na simu mkononi. Mwanawe, ambaye alifika mji wa Buffalo, jimbo la New York, mwaka 2021, alikuwa amemtumia sauti ndefu. Kwa ufupi alisema hivi: "Mama, rafiki yangu yuko Louisville, Kentucky. Ananiambia nihamie huko. Kuna kazi, hakuna theluji kama ya huku, na Wakongo ni wengi. Mke wangu hataki. Sema wewe, mama. Ukisema twende, tutakwenda."

Mama yule hakulala siku mbili. Kila mwezi mwanawe humtumia dola 100, na tangu msaada wa chakula ulipopunguzwa hapa, fedha hizo ndizo unga na dawa za mzee. Akisema "nendeni", huenda fedha zikakatika. Akisema "bakini", huenda anamzuilia mtoto baraka yake. Alituuliza, "Nitasema nini juu ya mji nisioujua?"

Tuliketi naye, tukapiga simu kwa ndugu walioko huko, tukakusanya habari. Tunajua kwamba nyumba nyingi hapa zina swali kama hili. Mlango wa kupokea wakimbizi Marekani ulisimamishwa kwa amri ya tarehe 20 Januari 2025, lakini waliotangulia wako kule, na wengi wao wanahama kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo tujifunze pamoja. Penye wengi hapaharibiki neno.

1. TUUJUE MJI WENYEWE

Louisville ni mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Kentucky, kwenye kingo za mto Ohio. Si mji mkubwa kama New York au Chicago, wala si mji mdogo. Wakazi wake ni zaidi ya laki sita. Mwaka 2003 utawala wa mji uliunganishwa na ule wa wilaya ya Jefferson, na kwa hiyo mji umetandaa sana.

Wazee wetu wanaujua mji huu bila kujua kwamba wanaujua. Muhammad Ali, aliyempiga George Foreman kule Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, alizaliwa Louisville mwaka 1942 na kuzikwa huko huko mwaka 2016. Uwanja wa ndege wa mji ulipewa jina lake mwaka 2019.

Kuhusu hali ya hewa, rafiki yule alisema kweli, ila alisema nusu. Buffalo ina theluji nyingi mno. Dhoruba ya Desemba 2022 iliua zaidi ya watu 40 katika eneo lile. Louisville ina baridi pia, lakini theluji yake ni kidogo. Hata hivyo wakati wa joto jua ni kali na hewa ni nzito yenye unyevu. Tena kuna tufani inayozunguka iitwayo tonado. Moja iliupiga mji huo tarehe 3 Aprili 1974. King'ora kikilia, watu hushuka chini kabisa ya nyumba, katika chumba kisicho na dirisha. Anayehamia kule afundishe watoto wake jambo hilo juma la kwanza.

Tuseme pia juu ya rangi ya ngozi, maana wapo wanaoogopa majimbo ya kusini kwa ajili hiyo. Louisville ina majeraha. Barabara ya 9 kwa muda mrefu imekuwa kama ukuta kati ya mitaa ya magharibi, ambako wengi ni weusi na maskini, na katikati ya mji. Tarehe 13 Machi 2020 polisi walimwua Breonna Taylor ndani ya nyumba yake usiku. Lakini Buffalo nayo, tarehe 14 Mei 2022, mtu mwenye chuki aliwaua watu weusi 10 dukani. Basi hatuwezi kusema kaskazini ni salama na kusini ni hatari. Anayechagua nyumba aulize habari za mtaa, si za mji mzima peke yake.

2. KAZI: TUPIGE HESABU KAMILI

Rafiki yule alisema, "Kazi ni nyingi." Ni kweli kwamba kampuni ya mizigo ya UPS ina kituo chake kikubwa cha ndege Louisville, na ndege hushusha na kupakia mizigo hasa usiku. Kampuni ya Ford ina viwanda viwili vya magari, na kuna kiwanda kikubwa cha friji na mashine za kufulia. Maghala nayo ni mengi.

Lakini tujue sheria. Mshahara wa chini kabisa Kentucky ni dola 7.25 kwa saa, kiwango cha serikali kuu ambacho hakijapanda tangu Julai 2009. Katika Buffalo, tangu tarehe 1 Januari 2026, kiwango cha chini ni dola 16. Haina maana kwamba wote kule Louisville hulipwa 7.25, maghala hulipa zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba ukipoteza kazi nzuri, sheria haitakushika mkono usishuke mbali.

Tukamwomba kijana atutumie hesabu yake. Alikuwa anapata dola 18.50 kwa saa. Louisville aliambiwa atapata dola 20, zamu ya usiku. Ongezeko ni dola 1.50 kwa saa. Kwa saa 160 za mwezi ni dola 240 kabla ya kodi. Nyumba ya Buffalo analipa 1,250, na ile aliyoonyeshwa ni 1,200. Hapo amepata 50 nyingine. Jumla ni faida ya dola 290. Alifurahi.

Tukamwuliza, "Mkeo ataendaje kazini asubuhi, kama wewe unarudi na gari kutoka zamu ya usiku, nanyi mnakaa mbali?" Alinyamaza. Louisville haina treni ya mjini. Kuna mabasi ya TARC tu, na mwaka 2024 huduma zake zilipunguzwa. Watalazimika kuwa na gari la pili. Malipo ya gari, bima na mafuta aliyakadiria kuwa dola 450 kwa mwezi. Tutoe 290 katika 450: wanapungukiwa dola 160 kila mwezi. Faida imekuwa hasara, na dola 100 za mama zimo ndani ya hasara hiyo.

Kodi ya mapato nayo tusiisahau. Kentucky hutoza asilimia 3.5 tangu mwanzo wa mwaka 2026, na mkazi wa Louisville hutozwa tena asilimia 2.2 ya mshahara kwa ajili ya mji na shule. Chakula kibichi cha dukani hakitozwi kodi ya mauzo Kentucky, na hilo ni jambo jema kwa nyumba yenye watoto.

Hatukusema hivi ili kumkatisha tamaa. Mke akipata kazi ya zamu ileile, gari moja linatosha na faida inarudi. Lakini basi nani atalala na watoto? Hesabu ya mshahara haikamiliki mpaka mwuulizane swali hilo.

3. GHARAMA YA SAFARI YENYEWE

Kutoka Buffalo mpaka Louisville ni zaidi ya kilomita 800. Kijana alikadiria hivi: kukodi lori la vitu dola 900, mafuta na chakula njiani dola 300, kodi ya nyumba ya mwezi wa kwanza 1,200, na amana ya mwenye nyumba 1,200. Jumla dola 3,600. Akiba yake ilikuwa dola 4,100. Basi angefika mji mgeni na dola 500 mkononi, na mshahara wa kwanza huja baada ya juma mbili au zaidi.

Tena kuna mkataba wa nyumba anayoiacha. Anayevunja mkataba kabla ya mwezi wake anaweza kudaiwa, na deni hilo huandikwa katika kumbukumbu za madeni ambazo mwenye nyumba mpya atazisoma. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kwanza soma mkataba unamalizika lini, ndipo upange tarehe.

4. AFYA NA CHAKULA

Hapa wengi hukosea. Bima ya Medicaid na msaada wa chakula havisafiri na mtu. Kila jimbo lina ofisi yake, na anayehama huacha vya jimbo la kwanza na kuomba upya.

Majimbo ya kusini hayafanani. Kentucky ilipanua Medicaid mwaka 2014, hivyo hata mtu mzima asiye na mtoto, akiwa na kipato kidogo, anaweza kuipata. North Carolina ilifanya hivyo tarehe 1 Desemba 2023. Lakini Tennessee, iliyo jirani kabisa na Kentucky, haijafanya hivyo, wala Georgia, Alabama na Texas. Mtu akivuka mpaka kwa ajili ya dola moja zaidi, anaweza kukuta mkewe hana bima. Tunawasihi wenye wagonjwa nyumbani waulize jambo hili kwanza kabla ya mengine yote.

Tena sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilipunguza wahamiaji wanaostahili msaada wa chakula, na iliweka tarehe 1 Oktoba 2026 kwa upande wa Medicaid. Mkimbizi asiye na grinikadi ameguswa sana na sheria hiyo. Basi ambaye grinikadi yake bado, asikimbilie kuhama kabla ya kuuliza watu wanaojua sheria.

5. WATOTO NA SHULE

Kijana ana watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Shule za umma za Louisville zimepokea watoto wengi wanaosema Kiswahili, na iko shule maalum ya wanafunzi wageni wanaoanza Kiingereza. Hilo ni jema. Lakini mabasi ya shule yamekuwa na taabu. Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo, watoto wengine walifika nyumbani karibu saa nne usiku. Mwaka uliofuata mabasi yaliondolewa katika shule nyingi ambazo wazazi huchagua nje ya mtaa wao. Basi mzazi aulize: shule ya mtaa wangu ni ipi, na mtoto atafikaje?

Kwa vijana wakubwa kuna jambo la kuangalia. Mwaka 1998 ulianzishwa mpango ambao mfanyakazi wa zamu ya usiku katika kituo kile cha mizigo hulipiwa masomo ya chuo mjini humo. Mwenye mtoto anayemaliza sekondari aulize masharti ya sasa.

6. MAKARATASI

Ndugu, tusikieni vizuri katika sehemu hii, maana inatugusa hata sisi tuliobaki.

(a) Kila asiye raia anayehama lazima aijulishe idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11. Barua ya mahojiano ikienda nyumba ya zamani, faili linaweza kufungwa, na huenda ndani yake mna mke au mtoto aliye hapa.

(b) Mkimbizi anaweza kuomba uraia akitimiza miaka mitano, ikihesabiwa tangu siku aliyoingia Marekani. Lakini lazima awe amekaa miezi mitatu katika jimbo au eneo la ofisi ile kabla ya kuomba. Kijana wetu alikuwa ametimiza miaka mitano, naye alikuwa bado hajaomba. Kama angehama mwezi ule, angesubiri miezi mitatu mingine.

(c) Mtoto hawezi kuwaombea wazazi wake mpaka awe raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Kwa hiyo kuchelewa kwa uraia wake ni kuchelewa kwa maombi ya mama na mzee. Hatumpi mtu ahadi hapa. Tangu mwaka 2025 sheria na amri za uhamiaji zimebadilika mara nyingi, na maombi si safari. Lakini asiyepanda mbegu hana cha kungojea.

(d) Wengi bado wanalipa mkopo wa tiketi ya ndege. Nao wajulishe anwani mpya kwa shirika linalopokea malipo, ili jina lisiharibike.

7. WATU

Kijana alisema, "Wakongo ni wengi." Ni faida kubwa. Mtu huangaliwa mtoto, hufundishwa barabara, hupata wa kulia naye siku ya msiba. Lakini mkewe naye alisema neno lake, nasi tulimwomba mama amsikilize: "Mama, hapa Buffalo nilifika sijui hata kuwasha jiko lao. Sasa nina darasa la Kiingereza, nina dada watatu wa kweli, na mwalimu wa mtoto ananijua kwa jina. Mwanao anakwenda kwa rafiki yake. Mimi ninakwenda kwa nani?"

Wazee, tukubali kwamba mara nyingi tunamsikiliza mtoto wetu tu, na mkamwana tunamwona kama mzigo wa safari. Hili si haki. Mwanamke asiyetaka kuhama huenda ndiye aliyeona gari la pili kabla ya sisi sote.

8. MAMA ALIJIBU NINI

Baada ya hayo yote mama aliomba simu. Tulikuwa naye. Alimwambia mwanawe maneno haya:

"Mwanangu, msihame kwa ajili yangu, wala msibaki kwa ajili yangu. Umeniuliza niseme, nami nasema ninachokijua. Huo mji siujui. Ila najua nyumba yangu. Bila fedha zako tunaweza kuvumilia miezi mitatu. Shamba lina mihogo, na dawa za mzee nimetenga. Mwezi wa nne siwezi. Basi pangeni mkijua hivyo. Na mkeo akisema hapana, rudini mketi tena."

Kijana alilia. Alituambia baadaye kwamba kwa miaka mitano hajawahi kujua ni kiasi gani hasa mama anahitaji. Alikuwa akihesabu safari yake gizani.

Walifanya mambo matatu. Kwanza, alituma maombi ya uraia akiwa Buffalo, apate mahojiano huko kabla ya kuhama. Pili, mume na mke walikwenda Louisville pamoja siku nne, wakakaa kwa rafiki. Wakaangalia nyumba mchana na usiku, wakapanda basi kutoka mtaani mpaka kazini, na mke akaenda kuuliza kazi ya zamu ya mchana. Tatu, walianza kumwekea mama akiba ya dola 300 za miezi mitatu, kando kabisa na fedha ya lori.

Tunapoandika haya bado hawajahama. Mke alirudi akisema mji si mbaya kama alivyofikiri, wala si mzuri kama rafiki alivyosimulia. Wamekubaliana kwamba wataamua baada ya shule kufungwa mwishoni mwa Juni, na kama akiba haijafika dola 6,000, watabaki mwaka mwingine. Mama sasa analala. Jambo moja dogo limemfurahisha: saa za Louisville ni zilezile za Buffalo, hivyo hata wakihama, simu ya Jumapili italia wakati uleule.

9. TUKUMBUKE

Mtoto akikuuliza kuhusu kuhama, usijibu siku ileile. Mwulize haya:
- Hesabu ya mwezi mzima ikoje, gari na bima zikiwemo?
- Mkataba wa nyumba unamalizika lini?
- Jimbo lile lina sheria gani ya Medicaid?
- Faili gani liko wazi uhamiaji, na jina la nani limo?
- Mke au mume amesema nini, kwa kinywa chake mwenyewe?
- Umekwenda kuona kwa macho yako?

Kisha umwambie ukweli wa nyumba yako: unahitaji kiasi gani, na unaweza kungoja muda gani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini mama alikosa usingizi? Je, sisi tumewahi kuficha hofu ya fedha nyuma ya neno la shauri?
2. Kijana aliona faida ya dola 290. Ni nini kilichomfanya asione hasara?
3. Katika nyumba zetu, nani huulizwa mwisho jambo linapoamuliwa? Tutabadilishaje hilo?
4. Je, mtoto wako aliye mbali anajua kiasi unachohitaji kwa mwezi? Kama hajui, utamwambia lini?
5. Wewe mwenyewe uliwahi kuhama kwa hiari au kwa kukimbia. Ni jambo gani ungependa mtu angekuuliza kabla hujaondoka?

Wapendwa, sisi tuliokimbia usiku bila kuaga tunajua kwamba si kila safari hutoa nafasi ya kufikiri. Watoto wetu leo wanayo nafasi hiyo. Tuwasaidie waitumie vizuri. Amani iwe nanyi nyote, wa hapa na wa mbali.